Magoti Kumi na Tisa

Renson Mwadime alikuwa ametengeneza miguu ya bandia kwa miaka ishirini na mitatu kabla hajaandika mstari wake wa kwanza wa Java, lugha ya kompyuta. Angeweza kushika kisiki cha paja la mtu, akafumba macho, akakuambia soketi, kile kikombe kinachoshika kisiki, itamchubua wapi baada ya mwezi. Watu walitoka Mwatate na Voi kumfuata huko juu mlimani, katika karakana ya ushirika iliyotazama soko la Wundanyi. Hakuwahi kuulizwa kama amesoma.

Kisha ikaja miguu yenye magoti ya umeme, na pamoja nayo ikaja sheria ya kaunti: aliyeutengeneza mguu ndiye atakayeandika akili yake, yaani programu inayoliongoza goti. Sheria hiyo haikutungwa bure. Kampuni mbili za mbali zilikuwa zimefilisika, moja baada ya nyingine, zikawaacha watu wamesimama katikati ya barabara na magoti yaliyokufa. Kwa hiyo, akiwa na umri wa miaka hamsini na mmoja, Mwadime akaketi mbele ya kioo cha kompyuta na kuanza kufundishwa na Wawuda Mcharo, binti aliyekuwa mdogo kuliko kitinda mimba wake.

"Hili unalijua tayari, Fundi," Wawuda alimwambia siku ya kwanza. "Kalibu ya plasta si mguu. Huwezi kuivaa. Lakini ndiyo inayotoa mguu. Klasi ni kalibu. Objekti ni mguu wenyewe."

Mwadime alifikiri. "Hapana, Mwalimu. Kila kisiki kina kalibu yake. Kalibu moja haitoi miguu ya watu wawili."

Wawuda hakukasirika. Alivuta karatasi kutoka kwenye rundo lililokuwa mezani, ile fomu ambayo Mwadime mwenyewe alikuwa akiijaza miaka yote.

"Basi tutumie hii. Fomu tupu ni moja kwa wote: jina, uzito, urefu, ugumu wa goti. Hiyo ndiyo klasi. Ukiijaza kwa ajili ya Mama Mkanyika, hiyo iliyojazwa ndiyo objekti. Kesho ukijaza nyingine kwa ajili ya Crispus, ile ya Mama Mkanyika inabadilika?"

"Haiwezi kubadilika. Imo kwenye faili lake."

"Umeelewa kuliko wanafunzi wangu wa mjini."

Alifurahi kwa maneno hayo kuliko alivyopenda kukiri. Kufikia mwisho wa wiki ya kwanza alikuwa ameandika klasi aliyoiita Mguu, na kwa neno `new`, yaani mpya, akaumba mguu mmoja, kisha wa pili, hadi wakafika watu kumi na tisa. Kila mmoja alikuwa na jina lake, uzito wake na goti lake. Mashine ya karakana iliwahifadhi wote, na kila alfajiri miguu ilichukua vipimo vyake kupitia mnara uliokuwa juu ya paa.

Wiki ya pili ilikuwa ngumu. Siku moja aliuliza swali, akauliza la pili, akarudia lile la kwanza. Wawuda alipofika kwenye neno `static` na kumuuliza, "Tuko pamoja, Fundi?" Mwadime alitikisa kichwa kukubali. Hakuwa ameelewa hata kidogo. Aliona haya kuuliza mara ya nne kwa siku moja, mzee mzima, mbele ya msichana.

*

Ijumaa moja alasiri, Crispus Mwaluma aliingia karakana akiwa amekunja uso. Alikuwa mvunja mawe zamani, mtu wa kilo mia moja na nne, na goti lake lilikuwa likimlegea kila aliposhuka mlima.

"Linanichezea," alisema. "Nikishuka kwenda kwa dada yangu nakuwa kama mlevi. Likaze."

Wawuda alikuwa Voi kwenye mafunzo, harudi hadi Jumatano. Kanuni ilisema hakuna badiliko litakalowashwa kabla mwalimu hajalikagua. Lakini Crispus alikuwa ameketi pale pale, amevua mguu, ameuweka mezani, na Mwadime alitaka sana kumwonyesha kwamba mikono iliyomtengenezea soketi sasa inajua na haya mengine.

Akaandika kwamba ugumu wa goti uwe nane nukta nne. Mstari ukageuka mwekundu. Mashine ikalalamika kwa Kiingereza kwamba kitu kisicho static hakiwezi kuitwa kutoka mahali palipo static.

Alichopaswa kufanya kilikuwa kidogo sana. Alipaswa kutaja ni goti la nani. Yeye alikuwa ameandika goti tu, kama mtu anayeingia katika chumba chenye watu kumi na tisa na kusema "kaza goti," kisha akashangaa wanapomwuliza, "La nani?" Lakini hilo hakulijua. Alishika simu ampigie Wawuda, akairudisha mfukoni. Akasoma tena lile lalamiko. Kama kinachokosekana ni static, alijiambia, basi nitaiweka. Akapanda juu, mahali ugumu wa goti ulipotajwa kwa mara ya kwanza, akaongeza hilo neno moja mbele yake.

Wekundu ukatoweka.

Akauunganisha mguu wa Crispus na mashine pale mezani, akaujaribu, ukakunja na kunyooka kama alivyotaka. Mashine ikauliza: *Je, kazi hii imekaguliwa na mwalimu?* Mwadime akabonyeza *Ndiyo*.

Crispus alishuka ngazi za karakana, akapanda, akashuka tena. Aliporudi alimshika mkono kwa mikono yake miwili. "Fundi," alisema, "sasa nina mguu."

*

Jumamosi ni siku ya soko. Saa mbili asubuhi Mwadime alisimama mlangoni na kikombe cha chai, akamwona Eliud Mghendi, karani mstaafu, akipanda barabara. Eliud alikuwa mwembamba, mtu wa hatua fupi za haraka. Leo alikuwa akiurusha mguu nje kidogo, polepole, kama mtu anayesukuma mlango kwa goti. Mwadime alitabasamu. Alidhani mzee anamwigiza Crispus.

Nyuma yake akaja Manga, muuza nyanya, na beseni kichwani. Naye aliurusha mguu nje kidogo, akasukuma mlango usioonekana. Beseni liliyumba, nyanya mbili zikaanguka. Alisimama akautazama mguu wake kwa mshangao.

Ng'ambo ya barabara, mbele ya duka la mbolea, kijana wa bodaboda aliyepoteza mguu mwaka jana alikuwa akitembea vivyo hivyo.

Watu watatu, wenye uzito tofauti, walikuwa wakitembea mwendo wa mtu mmoja ambaye hakuwepo.

Mwadime aliweka kikombe chini, akakosea meza, kikavunjika. Alikimbilia kwenye mashine. Akawafungua mmoja mmoja: Eliud, nane nukta nne. Manga, nane nukta nne. Alipofika jina la kumi aliacha kuhesabu. Ile fomu tupu, ile ya wote, ndiyo aliyokuwa ameiandikia kwa wino. Kila mtu bado alikuwa na jina lake na uzito wake, lakini goti lilikuwa moja kwa wote, na lilikuwa la Crispus.

Alikuwa bado ameinamia kioo simu ilipolia. Ilikuwa sauti ya Mzee Mwanjala, mwenyekiti wa ushirika.

"Fundi, Mama Mkanyika ameanguka. Kwenye ngazi za shambani kwake, alikuwa anashukia kabichi. Goti lilikataa kukunja. Wamempeleka hospitali."

"Ameumia?"

"Mkono. Umevunjika vibaya."

Mkanyika alikuwa mama wa miaka hamsini na minane, mwenye kilo hamsini na moja. Kwa goti lililokazwa kubeba mvunja mawe, kushuka ngazi ni sawa na kushuka na mti uliofungwa kiunoni.

Mwadime alilifuta lile neno. Ilichukua sekunde mbili. Akaandika jina la mwenye goti mahali palipostahili, akawasha upya, akavituma vipimo mnarani papo hapo bila kungoja alfajiri, na magoti kumi na tisa yakarudi kuwa kumi na tisa. Alipotoka nje, Manga alikuwa akitembea kama Manga.

Ilikuwa haijafika saa nne asubuhi, na hakuna aliyejua.

*

Jumapili, baada ya ibada, Mzee Mwanjala alimsimamisha nje ya kanisa.

"Tumepata sababu," alisema. "Ijumaa mchana kulikuwa na harusi ya mpwa wake. Wakapiga ngoma ya mwazindika, naye akaingia kucheza. Watu wanayo video. Miezi mitatu ya kutocheza haijaisha, na amri ulimpa wewe mwenyewe."

"Kucheza kidogo hakuwezi…"

"Kanuni ni kanuni, Fundi. Anayeuharibu mguu anaurudisha, apewe anayefuata kwenye foleni. Kamati inakaa Alhamisi."

Hapo ndipo angesema. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Lakini ilimjia sababu, na ilikuwa sababu ya kweli, ndiyo maana ilikuwa na hatari: akikiri, kaunti itazima miguu yote mpaka wakaguzi waje. Watu kumi na wanane waliokuwa wakitembea salama watarudi kwenye magongo kwa wiki sita, labda nane. Na kwa faida ya nani, ilhali kosa limeshasahihishwa? Aliirudia sababu hiyo njia nzima ya kurudi nyumbani. Kila alipoirudia aliiona ina nguvu, na kila alipoimaliza alijiona akibonyeza *Ndiyo*.

Jumatatu alikwenda hospitali. Mkanyika alikuwa ameketi kitandani, mkono wa kushoto umefungwa plasta hadi kwenye kiwiko. Mguu ulikuwa umeegemezwa ukutani, umefunikwa kwa leso. Alikuwa msukaji wa vikapu vya mkonge, na vidole viwili, daktari alisema, huenda visikunje tena vizuri.

"Pole, mama," Mwadime alisema.

"Usinipe pole kabla hujanisikiliza. Vuta kiti."

Akavuta.

"Nilicheza," Mkanyika alisema. Hakumtazama usoni. "Uliniambia miezi mitatu, mimi nilikuwa na miwili na wiki moja. Ngoma ilipoanza nilijiambia nitapiga makofi tu. Halafu nikaona mguu unanifuata. Miaka minne sijacheza, Fundi. Nikajisahau." Alinyoosha kidole kwenye mguu uliokuwa ukutani. "Wewe ulikaa na kisiki changu siku tano ukiichonga soketi ili isiniume, na mimi nimekwenda nikaiharibu kazi yako kwa upuuzi wa dakika kumi. Nimeona aibu sana. Nisamehe."

Mwadime alifungua mdomo. Hata baadaye, alipojaribu kukumbuka, hakuweza kujua kama alikuwa amekusudia kusema jambo jingine. Kilichotoka kilikuwa hiki:

"Yamepita, mama."

Mkanyika alishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo. Akamshika mkono kwa ule wake mzima. "Mungu akubariki. Na unisemee kwa mwenyekiti, wasiuchukue."

"Nitamsemea."

Nje ya wodi kulikuwa na bomba la kunawia mikono. Mwadime alinawa, akanawa tena, ingawa mikono yake haikuwa na kitu.

*

Wawuda alirudi Jumatano. Alimkuta Mwadime kwenye kioo, hajawasha kitu chochote.

"Mwalimu," alisema, "nina swali la wiki ya pili."

"Uliza, Fundi."

"Neno `static`, maana yake nini?"

Wawuda alivuta ile fomu tupu, akachukua na nyingine tatu zilizojazwa. Akaonyesha: kitu cha kawaida kinaandikwa kwenye fomu ya mtu, kila mtu na chake. Kitu kilichowekewa static hakiandikwi kwenye fomu ya yeyote. Kinaandikwa ubaoni, ukutani, na wote wanausoma ubao huo huo. Jina la karakana linafaa kuwa static, kwa sababu ni moja. Anachoandika mtu wa mwisho ndicho wanachosoma wote.

Alimaliza. Mwadime aliitazama saa ya ukutani. Zilikuwa zimepita dakika mbili.

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu. Kila anayeanza hukosea hapo. Mimi nilipokuwa chuo niliandika klasi ya kuku wa mama yangu, nikaweka umri kuwa static. Kuku wote wakawa vifaranga siku moja." Alicheka, kisha akaona kwamba Mwadime hacheki. Kicheko kikamfia mdomoni. "Fundi. Umeliandika wapi hilo neno?"

Akamwambia yote. Alimwambia na lile la kubonyeza *Ndiyo*, na lile la hospitali, na hilo la mwisho alilisema akiwa ameangalia sakafu.

Wawuda alizirudisha zile fomu kwenye rundo. "Kwa nini hukunipigia?"

"Niliona haya."

"Haya ya nini?"

"Ya kukuuliza tena."

Binti wa watu alijifuta macho kwa kiganja, haraka, kana kwamba amekasirishwa na macho hayo. "Kukosea kwako ningekutetea mbele ya mtu yeyote," alisema. "Kanuni inanitaka niandike ripoti. Nitaiandika kesho jioni. Kikao ni kesho asubuhi."

"Wataizima miguu yote."

"Wataizima. Na ni haki yao kuizima, kwa sababu hatujui bado umeandika nini kingine."

Hilo hakuwa amelifikiria. Sababu yake nzuri, ile aliyotembea nayo tangu Jumapili, ikamponyoka mikononi.

*

Kamati ilikaa kwenye ukumbi wa ushirika. Waliovaa miguu walikuja karibu wote, kwa sababu kila mmoja alitaka kujua kanuni itamfikia vipi. Mkanyika aliketi mbele na mkono wake kwenye kitambaa. Mzee Mwanjala alianza kusoma shitaka la mwazindika, na Mwadime akasimama kabla hajamaliza.

"Mwenyekiti, Mama Mkanyika hana kosa. Goti lililomwangusha nililikaza mimi."

Alieleza bila kutumia neno la Kiingereza hata moja. Alisema kwamba Ijumaa aliandika kitu cha mtu mmoja mahali pa watu wote, kwamba hakuruhusiwa kukiwasha, kwamba alidanganya mashine ili ikubali. Eliud alivua kofia akaipakata. Manga aliinama akaushika mguu wake kwa mikono yote miwili, kama mtu anayeshika mtoto karibu na barabara.

Crispus alinyanyuka. "Kwa hiyo Jumamosi watu walitembea na goti langu."

"Ndiyo."

"Na mimi niliyeringa nalo soko zima. Ulijua lini?"

"Siku ile ile. Kabla ya saa nne."

"Leo ni Alhamisi."

"Ndiyo."

Crispus aliketi.

Ndipo Mkanyika akageuka kwenye kiti chake. Sauti yake haikupanda.

"Ulikuja hospitali Jumatatu."

"Nilikuja, mama."

"Nikakuomba msamaha."

"Uliniomba."

"Ukaupokea."

Mwadime aliitikia kwa kichwa.

"Kuanguka si kitu kigeni kwangu," Mkanyika alisema. "Nimeanguka na miguu miwili, nikaanguka na mmoja. Vidole, tutaona. Lakini ule msamaha haukuwa wako. Uliuchukua, ukaenda nao nyumbani, ukala chakula nao siku tatu. Mimi siku hizo tatu nilikuwa nalia kwa sababu nilicheza."

Aligeuka akatazama mbele tena.

Mwenyekiti aliipigia kaunti hapo hapo, na saa sita mchana barua yao iliingia kwenye simu yake. Miguu yote kumi na tisa izimwe na ikusanywe hadi ikaguliwe. Fundi Mwadime asiguse mashine. Abaki kwenye kazi ya kalibu za plasta. Atakayeikusanya miguu hakutajwa, lakini hakuna aliyeuliza.

*

Mwadime alizunguka siku mbili, nyumba kwa nyumba, akitoa magongo na kupokea miguu. Eliud alimkaribisha uji, naye akaunywa kwa sababu kukataa kungekuwa vibaya zaidi. Manga alimpa mguu kupitia dirishani, bila kufungua mlango. Crispus aliuvua mwenyewe, akaufunga kwa gazeti vizuri, akasema, "Uliandika vizuri kwangu. Ndilo linaloniuma."

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Mkanyika, chini kabisa ya zile ngazi za kabichi. Alikuwa kwenye kibaraza, mguu tayari pembeni yake. Mwadime alimpa gongo moja, kwa kuwa mkono mwingine haungeshika. Kisha akafungua gunia tupu ili autie mguu, mingine ikiwa imeshafika karakana.

"Usiutie kwenye gunia," Mkanyika alisema.

Mwadime alisita.

"Wiki nzima watu wamekuwa wakiniuliza kama ngoma ilikuwa tamu. Ubebe mkononi, uonekane. Pita njia ya sokoni, si ile ya msituni. Wakikuuliza, wajibu."

"Sawa, mama."

"Sijakusamehe. Nikikusamehe nitakuja mwenyewe kukwambia. Usije kuniuliza."

"Sitauliza."

Alikunja gunia akaliweka begani, akauchukua mguu kwa mikono miwili, akapanda ngazi. Ulikuwa mwepesi, alikuwa ameuchonga uwe mwepesi. Mchana ulikuwa mweupe baada ya mvua na watu walikuwa mashambani, wengine wakitoka sokoni. Jirani wa kwanza alimwamkia, akautazama mguu, akapita. Wa pili aliuliza ni wa nani.

"Ni wa Mama Mkanyika. Alianguka kwa kosa langu."

Alisema hivyo kwenye kinu cha kusagia, akasema hivyo mbele ya duka la mbolea, akasema kwa wanawake wa kwaya waliokuwa wakingoja mvua ipite ingawa ilikuwa imeshapita. Alidhani maneno yatakuwa mepesi kadiri anavyoyarudia. Hayakuwa hivyo. Kila uso ulikuwa mpya, na kwa kila uso alianza upya.

Karibu na sokoni mama mmoja aliyebeba kuni alisimama, akautua mzigo ili amtazame vizuri.

"Huo si wa yule aliyevunjika akicheza mwazindika?"

"Ni wake," Mwadime alisema. "Alicheza Ijumaa, na hakuanguka. Aliangushwa Jumamosi, na mimi."

"Wewe? Ulimsukuma?"

"Hapana."

"Basi ulimfanya nini?"

Mama yule hakuwa na haraka. Mwadime aliuweka mguu vizuri kifuani, akaanza kumweleza.